Ziwa linatazamwa bure, samaki ndiye anayelipiwa

Desemba ikikaribia, watu wa Mwanza walioko Dar na Dodoma wakianza kuulizia tiketi, ile orodha nayo inaanza kuzunguka kwenye magrupu: "Viwanja vikali vya kula Rock City." Machweo, yapo. Bembea, ipo. Jiwe la Bismarck limepigwa picha kutoka pande zote, utadhani linagombea ubunge. Samaki? Anaonekana mara mbili, na mara zote mbili amezamishwa kwenye rosti mpaka macho hayaonekani.

Mji umekaa ukingoni mwa ziwa kubwa kuliko yote Afrika, mialo ya kushushia samaki imejipanga kuanzia Kayenze na Igombe hadi Luchelele, na bado mgeni akiuliza pa kula anaelekezwa pa kupigia picha. Jamani. Kuangalia ziwa hakuna kiingilio. Nenda Kamanga ukae uone kivuko kinaondoka, panda Capri Point jioni, chagua jiwe lolote, mawe hatujapungukiwa. Hakuna atakayekuletea bili. Ukishakaa mezani unalipia samaki, na samaki hajali meza imeelekea wapi.

Tena mandhari ndiyo inayomharibu. Sehemu inayouza upepo hujaa Jumamosi na Jumapili, Jumanne unamkuta mlinzi na paka. Meneja hawezi kununua samaki kila asubuhi kwa wateja asiowajua kama watakuja, kwa hiyo ananunua Jumatano na kujaza friza ili Jumapili menyu isipungue kitu. Friza ile ni ya nyumbani, inagandisha polepole. Maji yaliyomo kwenye nyama yanaganda kwa chembe kubwa za barafu, chembe zinachana nyama, na siku ya kuyeyushwa maji yote yanatoka pamoja na utamu. Umeme ukikatika muda mrefu halafu ukarudi, samaki ameyeyuka na kuganda upya, na huyo hata upishi wa mama mkwe haumrudishi. Viwanda vya minofu ya sangara hugandisha kwa haraka na kwa baridi kali sana, ndiyo maana mnofu wao unafika Ulaya ukiwa mzima. Friza iliyolazwa nyuma ya kaunta pamoja na soda si kiwanda.

Sasa linganisha na vibanda vya jirani na soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Anayekula pale saa saba mchana ni mchuuzi wa samaki, mbeba mizigo na dereva wa lori la dagaa, watu walioshika samaki tangu alfajiri. Mlaghai ataanzia wapi? Tena kesho watarudi wale wale, na mama lishe anajua hivyo. Kwa hiyo mgeni akiniuliza pa kula, namwambia aache kuangalia paa na viti, aangalie nani anakula na kama ana sababu ya kurudi kesho. Wateja wa mara moja hulishwa chochote. Na anayekumbuka samaki wa kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo ajue kwamba daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025. Foleni iliyokuwa inamaliza samaki wakiwa wa moto haipo tena, akapime upya.

Ila hata ukipata kibanda kizuri, usiagize kwa menyu. Agiza kwa macho. "Dada, naomba nimwone sato mwenyewe kabla hajaingia kwenye mafuta." Hilo si tusi. Anayejiamini atakuletea kwenye sinia au beseni, tena atakuonyesha watatu uchague. Akikwambia jikoni wateja hawaruhusiwi, sawa, mwambie amlete mezani. Akisema "ameshaandaliwa," mshukuru, kunywa soda yako, nenda.

Akishaletwa, anza na macho: yawe yametuna na maangavu. Jicho lililozama na kuwa jeupe ni la samaki aliyekaa sana. Inua shavu, ndani kuwe kwekundu. Rangi ya kahawia au kijivu inakuambia muda umepita. Bonyeza mgongoni kwa kidole, nyama irudi juu. Shimo likibaki, mwache. Kama ameshapasuliwa na kutolewa mashavu, jambo la kawaida tu, mfungue tumbo: damu iliyoshika uti wa mgongo iwe nyekundu na mifupa ya mbavu iwe imeshikana na nyama. Mbavu zikisimama zenyewe huku nyama imejitenga, utumbo ulichelewa kutolewa na tumbo limeanza kuoza. Halafu nusa. Wa leo ananukia maji ya ziwa. Ile shombo inayokufanya urudishe kichwa nyuma haiondoki kwa ndimu, hata wakikamua gunia zima.

Bei muulizie papo hapo, ukiwa unamtazama. "Sato kuanzia elfu kadhaa" iliyoandikwa kwenye menyu bila ukubwa ni mtego. Huyo wa bei ya kuanzia hayupo, na akiwepo pengine ni wale wa chini ya sentimita 25 ambao hawakupaswa kuvuliwa kabisa. Kwa kukaanga, sato wa nusu kilo hadi robo tatu anatosha. Akizidi hapo anaiva nje kabla ya kuiva kwenye mfupa, ni bora akatwe vipande au aende foili.

Na saa yako ndiyo shahidi mkubwa. Sato mzima wa nusu kilo anataka dakika kumi hadi kumi na tano kwenye mafuta ya moto, ukiacha kuparwa magamba, kuchanjwa na kukolea chumvi. Akifika mezani ndani ya dakika tano, usifurahie huduma ya haraka: huyo alikaangwa asubuhi, sasa amerudishwa kwenye mafuta kupashwa moto. Utamjua tu. Ngozi ngumu, mkia unavunjika vumbi, nyama kavu mpaka uombe maji. Wa foili kwenye mkaa anahitaji nusu saa na zaidi, na lazima ageuzwe, la sivyo chini anaungua na juu ana damu. Kwa hiyo agiza, ongea na watu wako, subiri. Watu wanaopiga kelele "chakula kinachelewa" ndio wamewafundisha wapishi kukaanga mapema. Mnalalamika dakika thelathini, halafu mnalalamika samaki mkavu. Chagueni moja.

Ukitaka kulipima jiko bila kubishana na mtu, agiza mchemsho. Mafuta yanaficha, rosti inaficha zaidi, mchemsho hauna pa kujificha. Mpishi anayejua anatanguliza viazi au ndizi, kitunguu na karoti, zikikaribia kuiva ndipo anaweka samaki, dakika kumi hivi, nyanya na hoho kwa mbali, ndimu mwishoni. Asiyejua anatupa vyote kwa pamoja, viazi vikiiva sangara ameshamong'onyoka na unachota miba kwa kijiko. Supu iwe nyepesi yenye mafuta yanayoelea juu, hasa kama umepewa kichwa au sehemu ya tumbo. Ikija nzito ya kijivu na harufu ya kabati, umeshapata jibu, na chakula cha jioni utakula kwingine. Na mpishi akisisitiza kwamba siku hiyo samaki "wanapendeza kwa rosti tu", muulize kwa upole wanakimbia nini.

Haya, nikiri, maana najua mtaniandikia. Sehemu za mandhari zina choo chenye mlango na sabuni, zina pa kuweka watoto, na mkienda watu kumi na tano na bibi yenu hamtaenea kwenye benchi la Mwaloni. Kubali pia kwamba barafu si adui. Sangara aliyetolewa utumbo na kulazwa kwenye barafu ya kutosha, kilo kwa kilo, tangu mtumbwini, ni bora mara nyingi kuliko sato "fresh" aliyeanikwa juu ya meza tangu saa moja asubuhi na nzi wakimpa pole. Kwa joto letu, samaki asiye na barafu anaharibika siku hiyo hiyo. Nyavu nyingi hutegwa jioni na kuvutwa alfajiri, kwa hiyo asiye na barafu aliwe mchana. Usiku usimguse mpaka uone barafu yenyewe. Hata hizo hoteli za bembea, zipo chache zinazonunua kila siku. Utazitambua kwa neno moja: "hakuna." Mhudumu akisema "sato wameisha, nina sangara wa mchemsho tu," kaa hapo hapo, vua koti. Jiko lenye sato, sangara, kamongo, kamba na pweza siku zote saba za wiki ni friza yenye menyu. Na pweza! Amesafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani kuja kuliwa mbele ya ziwa la maji baridi. Anayemwagiza Mwanza anastahili anachopata.

Dagaa wana kalenda yao. Huvutwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti kitu na wavuvi wanapumzika. Kwa hiyo ukiambiwa "dagaa wabichi wa leo" mwezi ukiwa mpevu, angalia juu kwanza. Siku hizo kula wakavu, ila uliza walianikwa wapi. Wa kwenye vichanja ni wasafi, wa kwenye mchanga wanakuja na mchanga wao, na hakuna kuosha kunakoumaliza wote.

Ugali: ukipata wa muhogo au wa mtama, usirudi kwenye sembe. Chipsi na samaki ni biashara yenu wenyewe. Michembe na matobolwa, viazi vitamu vya kukausha, hamtavikuta kwenye viwanja vile, nendeni kwa shangazi.

Kwa mnaokuja kwa makundi sikukuu hizi, pigeni simu kabla ya saa tatu asubuhi, wakati mama bado anaweza kwenda mwaloni au kumtuma kijana. Semeni idadi na ukubwa, wa kukaanga wangapi, wa foili wangapi. Tumeni nusu ya hela, kwa sababu naye ananunua kwa fedha taslimu na ameshaachiwa samaki mara nyingi na watu wa "tunakuja, mama". Mwambieni awachanje na kuwatia chumvi lakini asiwashe mafuta mpaka mpige tena mkiwa mmekaribia. Mkikwama Buhongwa saa nzima kwenye foleni na hamkupiga hiyo simu ya pili, kuleni hivyo hivyo.