Mashine ya espresso ya mtumba: ya swichi tatu au ya vitufe?

Kwenye maduka ya vifaa vya umeme vilivyotumika, yale yanayofungua mizigo ya Ulaya, mashine za espresso hukaa rafu moja na mikrowevu na blenda. Utakutana na aina mbili. Moja ni boksi la chuma, zito, lina swichi tatu na mkono wa kushikia chujio: Gaggia Classic, au mwenzake Rancilio Silvia, mwenye swichi ya nne ila ni wa kundi hilohilo. Nyingine ni ya plastiki inayong'aa, ina kioo na vitufe. Unamimina buni juu, unabonyeza, kikombe kinajaa. Muuzaji ataitajia hii ya pili bei kubwa, na wateja wengi wataona ni halali yake. Mimi ningebeba ile ya kwanza, ila kwa sharti ambalo wanaosifia vyuma vya zamani huwa hawalitaji.

Espresso yenyewe haina miujiza. Maji ya nyuzi tisini na kitu yanasukumwa kwa shinikizo la baa 9 hivi, yapite kwenye kahawa iliyosagwa laini na kushindiliwa, na ndani ya sekunde 25 hadi 30 unapata kahawa nzito yenye povu la hudhurungi. Kinachotakiwa ni boila, hita, pampu, thamostati (kidhibiti joto) na vali. Ukiifungua Gaggia Classic, iliyoanza kuuzwa 1991, unavikuta hivyo hivyo na nyaya zake, vimefungwa kwa skrubu. Pampu yake ni ya mtetemo, ya Kitaliano, aina ya Ulka, ambayo imo pia ndani ya mashine nyingi za nyumbani za kampuni nyingine. Fundi anayetengeneza pasi na majiko ya umeme anaweza kuibadilisha. Silvia, ya 1997, nayo ni hivyo hivyo. Zote mbili zinatumia chujio la milimita 58, kipimo cha mashine nyingi za mikahawani, kwa hiyo mahali penye fundi wa mikahawa, chujio na kishindilio havikusumbui.

Ile ya vitufe ndani yake kuna kisagio, giya za plastiki, vihisio, bodi ya umeme na kifaa kinachoshindilia kahawa chenyewe. Kila kimoja kina namna yake ya kufa. Kwenye Saeco na DeLonghi kifaa hicho cha kushindilia unakichomoa na kukiosha bombani. Kwenye Jura kimefungiwa ndani, huwezi kukifikia bila kuifungua mashine. Sasa fikiria unga wa kahawa wenye unyevu, uliokaa gizani tangu mwenye mashine aliyepita aizime mara ya mwisho. Kuna ukungu humo, na Pwani hawakosekani mende, maana wanapenda joto. Bodi ikiungua, fundi atakwambia utafute nyingine kama hiyo aichinje atoe spea.

Hadi hapo kesi inaonekana imekwisha. Haijakwisha, kwa sababu ya kisagio. Mashine ya swichi tatu haisagi, na kahawa inayouzwa tayari imesagwa kwa ajili ya kuchemsha au kuchuja ni nene mno kwake: maji hupita mbio, unapata kitu chembamba na kichachu. Blenda ya viungo haisaidii, inakata punje vipande vikubwa na vumbi kwa pamoja. Unahitaji kisagio cha meno, kinachorekebishika kidogo kidogo, na kizuri huweza kukugharimu kama mashine yenyewe au zaidi. Kile cha kuzungusha kwa mkono kinapunguza gharama, lakini mikono ndiyo itakayolipa kila asubuhi. Kwa hiyo anayelinganisha bei mbili zilizoandikwa rafuni hajalinganisha chochote. Ile ya vitufe imekuja na kisagio chake tumboni. Nyumba yenye watu wanne wanaotoka kabla ya foleni, hakuna anayetaka kujifunza kushindilia, na kwao hoja hii ina uzito kuliko habari zote za skrubu.

Halafu Gaggia ina kasoro yake ya kuzaliwa. Boila ni dogo na thamostati zake ni za kawaida, hivyo joto hupanda na kushuka. Kikombe kimoja kinaungua, kinachofuata kinachacha, mpaka ujue muda wa kuwasha pampu kwa kuitazama taa. Inataka pia iachwe ipate moto dakika kumi na tano au ishirini, na hita ya zaidi ya wati 1,000 si rafiki wa umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla.

Wapo wanaosema afadhali mpya ya bei nafuu, yenye waranti. Nawaelewa, na kwa asiye na fundi karibu wana hoja. Ila zile “baa 15” zilizoandikwa kwenye boksi ni uwezo wa juu wa pampu, si shinikizo linalotengeneza kahawa nzuri. Nyingi huja na chujio lenye sakafu mbili na kitundu kimoja, linalotoa povu hata kwa kahawa iliyochina.

Ukiamua mtumba, swali la kwanza ni mashine ilikunywa maji gani, kisha ndiyo umri wake. Maji yenye chokaa huacha ukoga ndani ya boila na kuziba vali. Anayeishi Zanzibar au Mombasa na kutumia maji ya kisima kwenye mwamba wa matumbawe anaujua ukoga huo, aukague chini ya birika lake. Hata ukinunua mashine safi, ukiinywesha maji hayo utairudisha kulekule.

Nenda dukani na kahawa yako iliyosagwa laini, na uombe iwashwe. Pampu iungurume kwa mfululizo, isikohoe. Mvuke utoke kavu. Maji yakivuja pembeni mwa chujio, usishtuke, ni mpira umekauka na huo hubadilishwa kwa pesa ndogo. Tumia kama silaha ya kupunguziwa bei. Ukizima pampu baada ya kutoa kahawa, Gaggia na Silvia zitoe “pfff” na kumwaga maji kidogo kwenye trei kupitia kibomba. Zisipofanya hivyo, vali imeziba, na ukichomoa chujio haraka kahawa ya moto itakurukia. Fundi apime kwa mita kati ya hita na waya wa ardhi: hita inayovujisha umeme ndiyo inayoangusha swichi kuu ya nyumba, na mahali pasipo na kinga hiyo, mwili wa chuma unakupiga shoti. Kwenye Gaggia hita imeshikamana na ukuta wa boila, kwa hiyo ikifa unanunua na boila.

Mizigo ya Uingereza na Ulaya haina shida ya umeme, ni volti 230 kama kwetu. Mashine aliyoituma ndugu kutoka Marekani au Kanada ni ya volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja hita inavuta nguvu karibu mara nne ya ile iliyoundiwa, na haidumu. Transfoma ya kubeba mzigo huo ni kubwa, nzito na si rahisi; mara nyingi zawadi hiyo haifai gharama yake.

Kwa hiyo: mpenzi wa kahawa mwenye subira na bajeti ya kisagio, achukue ya swichi tatu. Familia yenye haraka ichukue ya vitufe, mradi kifaa cha kushindilia kinachomoka na kimekutwa kisafi. Na muuzaji asiyekubali mashine ichomekwe kwenye umeme, mlipe bei ya spea.