Glavu zinazoongea: na muuza chipsi yeye anavaa nini?

Ile video ya glavu za lugha ya alama imeanza kuzunguka tena kwenye magrupu. Mtu anavaa glavu, anachezesha vidole, simu inatamka maneno, na chini watu wanashusha "Mungu mkubwa, sasa viziwi wataongea". Nikamwonyesha mdogo wangu, yeye ni kiziwi tangu utotoni. Akaitazama yote mpaka mwisho, akanirudishia simu, akaniuliza kwa mikono: na muuza chipsi yeye anavaa nini?

Sasa nisiwaonee wanaozitengeneza. Roy Allela, Mkenya, alikuwa na mpwa wake kiziwi na nyumbani watu hawajui alama, ndo akaunda glavu za Sign-IO: vihisi kwenye vidole vinasoma vinavyokunjwa, vinatuma kwenye simu kwa bluetooth, programu inatamka. Akaenda kuzijaribu kwenye shule ya watoto wenye mahitaji maalumu kaunti ya Migori. Huyo sio mtu wa kutafuta kiki, ana uchungu wa ndugu kama mimi. Na wakalimani ni wachache kweli, kiziwi akiugua saa nane usiku unampata wapi? Hapo mwenye glavu ana hoja, siwezi kubisha.

Ila hii habari tunaipokea kila mara kama imezaliwa jana. Mwaka 2001 Ryan Patterson, mwanafunzi wa sekondari huko Colorado, Marekani, alishinda shindano kubwa la sayansi kwa glavu ya gofu aliyoifungia mitambo. Mwaka 2016 wanafunzi wawili wa University of Washington wakapata tuzo ya dola 10,000 kwa glavu zao za SignAloud, 2020 wakaja watafiti wa UCLA, chuo kikuu kingine cha Marekani, na za kwao. Zaidi ya miaka 20 ya makofi, na mimi ninayeshinda na viziwi kila wiki sijakutana na hata mmoja anayezivaa kwenda sokoni.

Sababu ni kwamba lugha ya alama haikai vidoleni peke yake. Chukua Kiswahili chetu, "umekula" na "umekula?" maneno ni yaleyale, kinachotofautisha ni sauti tu. Kiziwi hiyo kazi anaifanya kwa nyusi, anazipandisha, anasogeza kichwa kidogo, tayari ni swali. Glavu haina macho ya kuona nyusi. Kwa hiyo dada akiwa dirisha la dawa anataka kuuliza "hii inafaa kwa mjamzito?" simu inaweza kutoka na "hii inafaa kwa mjamzito", na mtoa dawa akaitikia kwa kichwa akidhani mteja anajua anachosema. Yani mtu kauliza, mashine imemjibia. Hili ndo linalonikosesha usingizi kuliko mengine yote, maana kosa la namna hiyo halionekani, sauti imetoka safi kabisa, kila mtu kaondoka akiamini wameelewana.

Halafu tuseme imetamka sawasawa. Nesi kasikia. Sasa anajibu kwa mdomo, tena ana barakoa, anamjibu nani? Glavu imemrahisishia anayesikia, kiziwi kabaki palepale, isipokuwa sasa ana kifaa cha kuchaji na kuvaa na jua hili la Dar. Mzigo wote kabebeshwa yeye. Wenzetu Kenya katiba yao ya 2010, kifungu cha 120, imeihesabu lugha ya alama ya Kenya kati ya lugha rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza, sasa lugha ya hadhi hiyo mbona tunaichukulia kama ugonjwa wa kutafutiwa dawa?

Kuna na vikatuni vinavyotafsiri kwa alama kwenye skrini. Hivyo walau vinamlenga kiziwi aelewe. Shirikisho la Viziwi Duniani na chama cha wakalimani duniani walitoa tamko 2018, kwamba vinaweza kusaidia kwenye matangazo yaliyoandaliwa kabla ila visichukue nafasi ya mkalimani. Naona wako sawa.

Wengine watasema si waandikiane tu kwenye simu. Kwa chipsi sawa, mdogo wangu anaandika "yai mbili, kachumbari nyingi, pilipili acha" anamgeuzia yule jamaa, ambaye siku hizi kashajifunza alama ya asante na ya "chenji sina". Lakini wapo viziwi wengi waliofundishwa kusoma kwa lugha ambayo hawajawahi kuisikia, na mwalimu hajui alama, maandishi kwao ni mlima. Kwa hao kuandikiana sio jibu na sitajifanya ni jibu.

Juzi kati tulienda naye hospitali, sitaitaja. Alimpigia video mkalimani anayemfahamu, simu ameiegemeza kwenye kopo la vitakasa mikono mezani kwa daktari, mambo yanaenda vizuri, daktari anauliza, mkalimani anaonyesha, mdogo wangu anacheka na kujibu. Wakafika kwenye dozi, bando likakata. Mimi nikatoka nje kutafuta vocha, nyuma yangu daktari kaanza kumwongelesha kwa sauti ya juu zaidi.