Nilivyovicheka vyerehani vya sista

Jumamosi moja alikuja sista mgeni kwenye jumuiya yetu, Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, tukasali, halafu mwishoni akaomba mchango wa vyerehani vitatu kwa ajili ya wasichana anaowafundisha kushona. Mimi nikamnong'oneza jirani yangu, vyerehani tena? Maana kusema kweli kila mradi wa wanawake niliowahi kuusikia ni cherehani, kuku, au sabuni ya maji, na nilikuwa naona ni kumpoza mtu tu. Haki kwangu ilikuwa mahakama na sheria basi.

Kilichonigeuza ni habari za Uganda kaskazini.

Ya Aboke, kijiji cha hukohuko, wengi tunaijua. Oktoba 1996 waasi wa LRA, jeshi la msituni la Joseph Kony, walivamia shule ya masista usiku wakabeba wasichana 139, na Sista Rachele Fassera, Mtaliano, hakungoja jeshi, akawafuata porini kwa miguu yeye na mwalimu mmoja mpaka akawakuta, akabembeleza weee, akarudi na 109. Thelathini wakabakizwa. Sisi tukisimulia huwa tunaishia hapo kwenye 109 tunapiga makofi, lakini jamani na wale wengine? Na maelfu ya watoto wa vijijini ambao hawakuwa hata na sista wa kuwakimbilia? Wapo waliotoroka miaka mingi baadaye wana mtoto mgongoni, mtoto wa kamanda, wakafika nyumbani ndugu wanawaangalia kama wao ndo waasi.

Hao ndio aliowafungulia mlango Sista Rosemary Nyirumbe pale Gulu, kwenye shule ya ushonaji ya St. Monica. Njoo, na mtoto njoo naye, atalelewa hapahapa wewe ukiwa darasani. Unaweza kuona ni kitu kidogo, ila kumbuka sisi Tanzania msichana aliyejifungua tumemruhusu kurudi shule ya serikali 2021, juzi tu hapo. Wale wa Gulu wakashona nguo, wakaanza kutengeneza na mikoba ya vile vijipete vya kufungulia kopo la soda, ikauzwa mpaka Marekani.

Upande wa pili wa mpaka, Dungu huko Congo, Sista Angélique Namaika naye alikuwa anazunguka na baiskeli kwenye barabara za matope kuwafuata wanawake waliokimbia LRA hiyohiyo, anawafundisha kusoma, kushona, kuoka mikate. Na yeye mwenyewe aliwahi kuwakimbia waasi hao. Umoja wa Mataifa ukampa tuzo ya Nansen, ya wanaosaidia wakimbizi, mwaka 2013.

Sasa nirudi kwenye mahakama yangu. Dominic Ongwen, kamanda wa LRA, alitiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague 2021 akapigwa miaka 25, na nilifurahi sana. Lakini hesabu miaka kutoka Aboke mpaka hapo. Ni 25 nayo! Muda wote huo mtoto anataka uji, anataka ada, na mama yake anaitwa majina mtaani. Mimi nadhani siku jirani aliyekuwa anamtukana anapokuja na kitambaa, anasubiri zamu, anaomba apunguziwe bei ya sare ya mwanawe, siku hiyo kuna kitu kimerudishwa ambacho jaji hana namna ya kukiandika kwenye hukumu. Sisemi mahakama hazifai, zinafaa, ila zinachelewa.

Lingine linalonikera, na najua kuna watakaoninunia, ni jinsi tunavyowachukulia masista wenyewe. Machi 2018 gazeti la wanawake la Vatikani kwenyewe liliandika kuhusu masista wanaopika na kufua kwa maaskofu na makardinali bila mkataba, malipo kiduchu au hamna kabisa. Vatikani kwenyewe jamani! Sisi huku padri akija tunachinja, sista akija tunampa kiti na chai ya rangi, halafu tunategemea atoke hapo akawatetee wanyonge, atawatetea sawa, kwa nauli ya nani?

Yule sista alirudi mwezi uliofuata. Nikatoa, safari hii bila kunong'ona, halafu nikamuuliza pembeni, Sista na wewe shirika linakupa ngapi kwa mwezi? Akacheka mpaka akarekebisha veli. "Mwanangu," akaniambia, "cherehani cha tatu bado hakijatimia, tumalize hicho kwanza."