Shemeji na vivutio vya Tanga

Jamani, nimechoka. Zamani mgeni akija Tanga alikula muhogo, akapunga upepo Raskazone, akalala. Huyu shemeji yangu kutoka Dar kafungua simu kabla hajavua viatu: "Shemeji, wameandika mji wenu una historia." Unayo. Hata bili yangu ya maji ina historia, mbona hakuna anayekuja kuipiga picha?

Basi nikavaa koti. Mwenyeji ana heshima zake. Nikamwonyesha reli: Wajerumani waliianza 1893, ikafika Moshi 1911. Akauliza treni inaondoka saa ngapi. Nikajifanya sijasikia. Nikamhamishia kwenye vita vya Novemba 1914: Waingereza walishusha askari kama 8,000, wengi kutoka India, wakakutana na elfu moja tu wa upande wa Mjerumani, pamoja na nyuki. Nyuki hawakutazama bendera, waliuma pande zote mbili. Mwingereza akarudi melini, bunduki na risasi kaacha nyuma. Shemeji akaniuliza kama mizinga bado ipo, anataka selfi.

Balaa lenyewe likaanza tulipoita bajaji.

"Tupeleke Machui, kwa Shaaban Robert."

"Karibu na sheli, au mbele yake?"

"Yule mshairi, kijana wangu."

"Ana duka?"

"Alifariki 1962."

Kijana akavua kofia. "Poleni sana, wazee. Basi kwa kuwa ni msiba, nitawapunguzia."

Nikafungua mdomo nimweleweshe, shemeji akanikanyaga mguu. Mtu wa Dar akisikia punguzo hana dini. Tukaondoka tumenuna, mimi na koti langu, marehemu mtarajiwa mwenyewe kwa lile joto. Njiani kijana anapiga simu kwa wenzake: "Nina wafiwa hapa, wa mzee Shaaban." Tukipita kwa akina mama wanaokaanga mihogo, anapunguza mwendo, anawatangazia. "Poleni!" "Tumeshapoa." Mmoja akauliza kama tumeshazika. Mama, tumezika kabla wewe hujazaliwa!

Nikashindwa. Nikamwambia kijana: huyu ni Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 Vibambani, pande hizi hizi unazozipita kila siku na abiria, mshairi mkubwa wa Kiswahili, lugha unayonidanganyia nauli!

Akafunga breki. "Huyo? Si tulimsoma shuleni, akanifelisha? Kumbe mtu wa hapa?" Kisha akakumbuka. "Kwa hiyo hakuna msiba?"

Hakuna. Punguzo likafutwa papo hapo, juu yake ikaongezwa ya usumbufu. Nani kalipa? Mwenye koti.

Tongoni tulifika jua limetuchambua. Makaburi ya kale, msikiti uliobomoka, shemeji anasema, "Ndiyo hii tu?" Hii tu! Pande hizi, 1498, chombo cha Vasco da Gama kilikwama mwambani. Kijana wa bajaji akadakia kwamba huyo hakujua njia, angempigia yeye.

Sasa shemeji anaitaka Amboni, kasikia kuna pango linatokea Mombasa. Lingetokea Mombasa, mimi ningekuwa nasota foleni mpakani Horohoro kwa ajili gani? Na hapo bado sijasema la chai. Mtu anatia sukari vijiko vinne, anakoroga, anaonja, anaongeza. Dada yangu huyu mume kamwokota wapi?