Ilikuwa Soksi, Jamani. SOKSI.

Kwanza kabisa, haikuwa chupi.

Naanza na hilo kwa sababu najua mmeshaiona ile video ya sekunde 19, na najua aliyeirusha ameandika nini juu yake. Yule ni rafiki yangu. Tumekua pamoja, tumeazimana viatu, na jana jioni amenimaliza. Ameandika: "Injini yameza chupi, mwenyewe aomba maji." Uongo mara mbili. Haikuwa chupi, na maji sikuomba, nilipewa.

Ilikuwa soksi. Nyeusi, ndefu, nyembamba, zile za kuvalia suti. Sasa tulieni niwaeleze soksi ya suti ilifuata nini ndani ya injini ya pikipiki.

Pikipiki nilinunua kwa mtu, si dukani. Nilipofika kuiangalia nikakuta injini ina joto. Muuzaji akasema ametoka nayo hapo karibu, amerudi sasa hivi. Wewe unayetaka kununua pikipiki iliyotumika, shika injini kabla hujashika mkono wa mwenyewe. Injini iliyochoka huwa mbishi kuwaka ikiwa baridi, kwa hiyo mjanja huiamsha kabla hujafika. Na oili aliyoweka ilikuwa nzito kama gundi, ili kelele na moshi vijifiche siku mbili tatu. Haya yote nayajua leo. Siku ile nilitazama rangi, nikawasha taa, nikapiga honi. Honi ilikuwa safi sana, sitamnyima haki yake.

Wiki ya pili ikaanza kutoa moshi wa bluu. Watu walikuwa wanajua nimepita kwa kuona wingu, mimi mwenyewe hawanioni. Oili inapungua kila nikikagua, na chini haivuji hata tone. Fundi wangu akasikiliza, akavua kofia kama mtu aliyefika msibani, akasema, "Ringi, zile pete za pistoni, zimekwisha na silinda imelika. Ilete tuifungue yote, tuisuke upya."

Nikamwambia nitaisuka mwenyewe.

Alinitazama kwa muda. "Sawa, kaka. Ila ukikwama njoo mapema. Usije ukaniletea injini kwenye ndoo."

Mimi sikukwama! Naomba hili liandikwe mahali. Silinda nilipeleka ikachongwa, nikanunua pistoni kubwa kwa nusu milimita na ringi zake. Nilizipanga ringi kama inavyotakiwa: upande wenye alama unatazama juu, na mianya yake haikai mstari mmoja, unaitawanya kama watoto waliogombana. Ile klipu inayozuia pini ya pistoni iliniruka mara moja tu, tukaitafuta kwa magoti saa nzima na shemeji yangu, ikaonekana kwenye pindo la suruali yangu mwenyewe. (Shemeji huyo, kaka wa mke wangu, anakaa kwetu tangu aanze kutafuta kazi. Mkumbukeni, atarudi.) Cheni ya taimingi nikaipanga alama kwa alama. Nati za kichwa cha injini nikazikaza kwa msalaba, kidogo kidogo. Hata fundi alikiri baadaye kwamba kazi ilikuwa safi. Alikiri akiwa anafuta machozi ya kicheko, lakini alikiri.

Tatizo lilikuwa sheria moja niliyoipenda mno: tundu lolote lililo wazi kwenye injini, liziba. Ni sheria ya kweli. Mchanga kidogo ukiingia, au nati ikidondoka ndani, kazi yote inaanza upya. Kwa hiyo kila nilipofungua kitu nilikuwa naziba na kitambaa.

Sasa jioni ile kichwa cha injini kimeshafungwa, kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, bado iko kwenye karai inaoshwa. Ule mkono wa mpira wa kabureta, unaopeleka mchanganyiko huo ndani ya injini, umebaki wazi, unanitazama. Upepo unavuma. Vitambaa vyangu vyote vimelowa oili. Nikanyoosha mkono kwenye kamba ya nguo nikavuta cha kwanza kilichokuja. Kikavu, kisafi, laini, hakitoi manyoya. Nikakisukuma kwa kidole gumba mpaka nikaridhika. Halafu nikaenda kulala nikiwa na amani ya mtu aliyefuata sheria.

Kabureta nilikuja kuifunga siku tatu baadaye, usiku, simu ikiwa mdomoni kwa ajili ya mwanga. Soksi nyeusi, ndani ya tundu jeusi, usiku. Nihukumuni taratibu.

Katikati ya siku hizo tatu kukatokea ugomvi nyumbani. Kwenye kamba ya nguo kulikuwa na soksi yangu moja ya suti inaning'inia peke yake kama mjane. Shemeji alikuwa ametoka kwenye usaili wa kazi, amevaa suti. Nikaunganisha mambo. Nikamwita mbele ya dada yake, nikamuuliza kwa sauti ya hakimu iko wapi ya pili. Akasema, "Sijaiona, shemeji." Nikamjibu, na maneno haya nayaandika kwa uchungu: "Shemeji, soksi haitembei yenyewe."

Kijana wa watu akanyamaza. Ana adabu zake.

Asubuhi ya kuwasha ikafika. Oili mpya, petroli imo, plagi mpya. Nikamwita rafiki yangu aje ashuhudie, na ndiye huyo huyo mwenye simu. Nikapiga kiki ya kwanza. Kimya. Ya pili. Kimya. Wenzenu wanatafuta kiki mtandaoni, mimi nilizipiga kwa mguu mpaka kiatu kikaachia soli. Na ile kiki ilikuwa laini ajabu, inashuka kama unakanyaga godoro, wakati injini yenye ringi mpya inatakiwa ikurudishe juu.

Nikachomoa plagi, ina cheche. Nikafungua skrubu ya chini ya kabureta, petroli inatiririka. Taimingi, alama ziko sawa. Ila plagi kila nikiichomoa ni kavu. Kavu kabisa, kama haijawahi kusikia habari za petroli. Mtu mwenye akili angesimama hapo akajiuliza petroli inaishia wapi. Mimi nilifurahi kwamba plagi yangu ni safi.

Mzee jirani akaja na fimbo yake, akazunguka pikipiki mara moja, akasema, "Betri." Nikamweleza kwa heshima kwamba aina hii inawaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa. Akatikisa kichwa. "Betri hiyo, mwanangu."

Nikamimina petroli kidogo kupitia tundu la plagi, nikafunga, nikapiga kiki. PUH! Ikakohoa mara moja ikanyamaza. Jamani, hakuna kitu kinachompoteza mtu kama matumaini kidogo. Kwa kikohozi kile kimoja nilihangaika siku mbili. Siku ya pili tukaisukuma. Watoto sita nyuma, shemeji wa saba, mimi juu na gia ya pili, tunashuka mteremko, naachia klachi, tairi la nyuma linaburuzika, halafu tunapanda tena. Mara tisa. Mara ya kumi watoto walidai mapumziko.

Ndipo nikamwita fundi. Sikuwa na ndoo, lakini sura yangu ilikuwa inafanana nayo.

Sasa hapa nendeni nami polepole, maana hapa ndipo video inapoanzia, na yeye ameikata vibaya makusudi.

Fundi akafika na begi dogo. Nyuma yake wale watoto, mzee wa betri, mke wangu mlangoni, shemeji pembeni ameshika spana zangu kwa utiifu, na rafiki yangu juu ya ndoo iliyopinduliwa apate kuona vizuri. Fundi akapiga kiki mara moja. Akatulia. Akapiga tena, safari hii kwa mkono, polepole, sikio kaliinamisha.

"Umejaribu kuilisha kwa juu?"

"Ndiyo. Ikakohoa."

"Kwa hiyo ukimlisha anakula. Ukimwacha ale mwenyewe hali." Akanitazama. "Koo."

Akachukua spana namba 10. Boliti mbili. Akaivuta kabureta pembeni bila hata kuifungua mpira wa petroli. Akawasha tochi, akainama, akamulika ndani ya ule mkono wa mpira.

Akakaa hivyo.

Ninyi mliowahi kusubiri majibu ya daktari huku anaangalia karatasi na hasemi kitu, mnanielewa. Nilimwona anasogeza tochi kushoto. Anasogeza kulia. Anaizima, anaiwasha tena. Halafu, bila kuinua kichwa, akauliza kwa sauti ya upole mno:

"Kaka, kuna kitu ulikizibia hapa?"

Na sheria yangu yote ikanirudia kwa mkupuo. Upepo. Kamba ya nguo. Kidole gumba. Damu ilishuka nikahisi imefika kwenye nyayo, imesimama hapo inashangaa. Nikafungua mdomo kusema nafikiri ni kitambaa. Hakikutoka kitu.

Akaingiza koleo ya mdomo mrefu. Akavuta. Ikaja kidogo ikagoma. Akavuta tena, ikagoma.

"Valvu imeing'ata," akasema, yaani ule mlango wa kuingilia silinda. "Nenda kwenye sumaku, uzungushe. Polepole."

Kwa hiyo nilishiriki mwenyewe. Naomba mlielewe hilo: nilipiga magoti, nikashika spana kwenye nati ya sumaku, nikawa nazungusha krenki ya injini yangu ili iteme aibu yangu, na fundi ananielekeza kama mkunga. "Kidogo... kidogo... bado... hapo! Simama hapo!" Valvu ikafunguka. Na kile kitu kikaanza kutoka.

Kikatoka. Kikaendelea kutoka. Mimi mwenyewe sikukumbuka soksi ile ilikuwa ndefu kiasi kile. Kinachuruzika petroli, ncha imetafunwa, kinarefuka tu, na watoto wote sita wamenyamaza kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe. Fundi akakiinua juu kwa koleo apate mwanga. Kikaning'inia pale. Kikazunguka kidogo.

Hapa ndipo yule Yuda juu ya ndoo alipopaza sauti: "Ni chupi!"

Na hapa ndipo video inapoishia. Alichokikata ni hiki. Kimya kikapita, halafu shemeji akapiga hatua moja mbele, bado ameshika spana zangu kwa mikono miwili, akaitazama vizuri, akanigeukia kwa adabu yake ile ile, akasema:

"Shemeji. Kumbe inatembea."

Mke wangu aliingia ndani. Nilidhani amekasirika. Nikasikia mtu anagonga ukuta kwa kiganja, na kicheko ambacho sijakisikia tangu tuoane. Watoto walilala chini. Fundi aliketi kwenye begi lake, ile koleo bado juu, mabega yanatikisika, hana sauti. Aliyenipa maji simkumbuki. Mzee jirani peke yake hakucheka. Aliisogelea soksi, akainusa, akasema, "Na betri nayo ikaangaliwe."

Basi. Kabureta ikarudi, kiki ya kwanza ikanirudisha mguu juu kama inavyotakiwa, ya pili ikawaka. Hakuna moshi. Nimemwomba shemeji radhi mbele ya dada yake, amesema yamekwisha, ila tangu jana kila akianua nguo ananihesabia soksi zangu kwa sauti. Wale watoto wamenipa jina na mnaweza kulikisia. Injini bado mpya kwa hiyo naendesha taratibu bila kuipigisha kelele, na hilo linawapa muda wa kutosha kuliita lote mpaka nimepotea.

Soksi sijarudishiwa. Fundi aliiminya petroli, akaondoka nayo, akaitundika kwenye msumari pale anapofanyia kazi, katikati ya gasketi na nyaya za klachi. Kila mteja anayesema atasuka injini mwenyewe anaonyeshwa. Mwanzoni niliumia. Sasa nashukuru ipo, maana huo ndio ushahidi wangu. Wewe unayeendelea kusambaza habari za chupi, nenda pale kaiangalie kwa macho yako.

Ina kisigino.