Ukipiga picha ya familia, na sehemu yao ionekane

Mi naona hivi, kama familia wamekupeleka mpaka pale wanapopapenda, basi pale paonekane kwenye picha. Nasema hivi sababu nakutana sana na picha ambazo watu wamebeba watoto mpaka kwenye mto wanaoenda kila wikiendi, halafu mpiga picha anafungua lenzi yote, ile ya milimita 85 inayovuta karibu, kwenye f/1.8, yaani tundu la lenzi likiwa wazi sana, nyuma kote kunabaki ukungu wa kijani tu. Mto wenyewe hauonekani. Inauma kwa kweli.

Sikatai, uso unatoka vizuri, na kwa mtu mmoja hata mimi natumia. Ila familia ya watu watano hawakai mstari mmoja, ukifokasi kwa mama aliye mbele, baba aliye nyuma anatoka hafifu. Ukiweka lenzi pana ya milimita 35 na f/8, yaani tundu dogo, wote wanakuwa shapu na yale mawe yao yanaonekana. Na angalia tu mstari wa upeo, pale mbingu inapokutana na ardhi, usiwapite shingoni.

Kuna familia moja niliwapiga kwenye mto wao. Nilianza kwa kuwapanga, warefu nyuma wafupi mbele, mabega yakapanda juu, tabasamu za kulazimisha, na yule mdogo wa mwisho macho yote yako kwenye maji. Nikawaambia basi, fanyeni mnachofanyaga siku zote mkija hapa. Mtoto akavua viatu palepale, akaingia maji ya vifundoni, akaanza kuokota vijiwe, anakigeuza kimoja kimoja, kikimpendeza anampelekea baba yake, na baba anapokea na kukitia kwenye mfuko wa shati bila hata kukitazama, ameshazoea. Mfuko umelowa, umevutika chini kwa uzito. Nikachuchumaa mpaka usawa wa macho ya mtoto nikaanza kupiga mfululizo, kasi ya 1/500 ya sekunde maana watoto hawatulii, chini ya hapo mikono inaanza kuacha michirizi.

Hii ilikuwa ile saa ya mwisho kabla jua halijazama, na hapo sibishani na mtu, mwanga unakuja kwa ubavuni, laini, wa dhahabu, hakuna anayekunja uso. Saa sita mchana jua liko utosini na macho yote yanazama kwenye kivuli. Kama familia wana muda huo tu, wasogeze kwenye kivuli, wakae pembezoni wakitazama palipo wazi, ila chunga sana ule mwanga unaopenya kwenye majani, unaacha madoa usoni na kuyatoa baadaye kwenye programu ni kazi ya usiku kucha. Mi huwa naenda siku moja kabla, saa ileile, nione jua linaangukia wapi.

Na usiwachagulie sehemu jamani! Waulize tu, mkiwa na siku ya bure huwa mnaenda wapi? Hata pakiwa pa kawaida machoni pako, wao wanapajua kila jiwe.

Nilipowapelekea picha, zile za kupangwa mama alizipitia harakaharaka. Ile ya mtoto na vijiwe akaishika muda mrefu, akaweka kidole juu ya ule mfuko wa shati, akaniambia ameshaushona mara tatu.