Krismasi nyeupe Goba

Jamani naomba kuuliza, nani aliwadanganya wake zetu kwamba majirani wanajuana kwa pati za thimu? Maana tumehamia huku Goba, mama watoto kakaa wee, siku moja ananiambia baba watoto hatumjui jirani hata mmoja, usiku ukitokea moto tutamwita nani, nikamwambia zimamoto, 114, bure hata kama huna vocha. Akanuna mpaka kesho yake.

Ila kusema kweli majirani wenyewe mimi nawajua kwa mageti tu. Kwenye simu nimewasevu Geti Bluu, Jirani Mbwa, Noah Nyeupe, Mama Jenereta. Huku kila mtu kajenga ukuta, juu ya ukuta kazungushia nyaya za shoti, kumwona jirani ni pale anapopiga honi afunguliwe, anashusha kioo nusu, "habari jirani", hujamaliza kusema nzuri kioo kishapanda. Wazee wetu enzi za TANU hili swala walishalimaliza, nyumba kumi balozi mmoja, ukilaza mgeni kwako balozi ana habari asubuhi, na hakuna aliyeulizwa umevaa rangi gani.

Basi mama watoto akaamua tuite majirani kwenye pati ya Krismasi. Sasa mimi pati sina ugomvi nayo. Kodi viti vya plastiki, pika pilau, weka soda kwenye beseni la barafu, spika moja, watu wakae waseme wametokea wapi, kwisha habari. Kumbe hapana bana, ni ushamba! Mwenzangu akatoa simu akanionyesha picha za Wazungu wamekaa sebuleni na masweta, moto unawaka ukutani, dirishani theluji imejaa, eti tutafanya Krismasi Nyeupe, dresi kodi nyeupe au nguo za baridi. Nikamwuliza mama, hapa Dar? Desemba? Mwezi ambao unaoga na unatoka jasho hujalifikia taulo? Akaniambia ndo ubunifu huo, wewe toa hela.

Nikatumwa pamba ya theluji, nimeingia duka la dawa nimeagiza marobota ya kutosha, yule dada wa kaunta akaniangalia kwa huruma akasema pole kaka, ajali imetokea wapi. Nikamjibu ni ya kupambia mti. Huruma ikazidi. Na huo mti wenyewe wa plastiki tumenunua kwa hela, wakati nje ya geti letu kuna mkrismasi mzima umetoa maua mekundu mpaka barabara imebadilika rangi, kila Desemba unachanua wenyewe hauhitaji umeme wala pamba, lakini nani ataupiga picha ule, si wa bure!

Likafunguliwa grupu, Majirani Tupendane. Mualiko umewekwa pale na ramani na kadi ya kumetameta, wa kwanza kujibu katuma kiwanja kinauzwa Bunju. Wa pili akauliza kwenu maji yametoka? Wa tatu akaandika Amina, sijui alikuwa anaitikia maji au kiwanja.

Halafu tarehe. Mwenzangu kapanga tarehe 24, mkesha wenyewe, na mimi nilisema, tena nilisema mapema mbele ya shemeji yangu yupo shahidi, kwamba mke wangu huu mtaa ukitoa Wachaga zinabaki nguzo za umeme, na Mchaga tarehe 24 Desemba humkuti Dar hata awe na kesi. Wale kuanzia tarehe 20 wanakunja nguo, gari zinafuatana kuelekea Chalinze, huyu Rombo huyu Machame huyu Kibosho, wasio na gari wanagombea siti za basi pale Mbezi, na mbuzi huko nyumbani kashafungwa kamba anawasubiri. Akanijibu "watakaokuwepo watakuja". Haya.

Siku ikafika. Nimevaa sweta, nipo nje, saa kumi jioni, jasho linanitoka mpaka kwenye magoti. Wa kwanza kuingia ni familia ya nyumba ya kona, watu wa Tanga, Waislamu safi, baba kavaa kanzu nyeupe pee na kofia nyeupe, watoto nao kanzu nyeupe. Mama watoto akapiga makofi, thimu hiyooo! Yule baba hata hakuwa na habari na thimu, yeye katoka msikitini kuswali alasiri. Mkewe akaonja pilau, akanyamaza, akaniuliza taratibu "hili mmepikiwa wapi?" Nikajua tumekwisha, na watu wa Tanga kwenye pilau hawana unafiki.

Halafu wakaanza kuingia walinzi na wadada wa kazi, mabosi wao wako Moshi kwenye mtori wamewaachia nyumba na mbwa. Na hapo ndo nikachoka kabisa, maana mlinzi wa Geti Bluu kaja na lile koti lake zito la lindo, mwenzake kofia ya sufu mpaka masikioni, wote kamili gado nguo za baridi, na wala hawatoki jasho! Wakati sisi tumeumiza kichwa na pamba.

Sasa wale ndo wanajuana. Si wanakaa getini siku nzima? Nikaambiwa Noah Nyeupe sio tajiri, ile gari ni ya kanisa. Mama Jenereta hana jenereta, ni mashine ya kusaga. Yule mbwa anayetutisha mtaa mzima hana meno. Nikanogewa, nikauliza na mimi je huku mnaniitaje, wakaangaliana, yule wa koti akasema bosi usikasirike, tunakuita Bosi Buku, kwa sababu ukimtuma mtu dukani unampa buku na unasubiri chenji.

Nimenyamaza. Nimekula pilau langu.

Januari Wachaga wamerudi, ndizi zimefungwa juu ya magari, na grupu limeamka, eti jirani tunasikia mlifanya pati, mbona mmetutenga? Mualiko upo palepale juu ya kiwanja cha Bunju! Mama watoto kaumia roho, anasema turudie kwa ajili yao, mwezi wa pili, valentaini, wote tuvae nyekundu. Nimemwambia mimi siingii duka lolote, na mlinzi wa Geti Bluu naye kashauliza kama koti linaruhusiwa.